Henrik Dam

Carl Peter Henrik Dam (Copenhagen, 21 Februari 1895 – Copenhagen, Aprili 1976) alikuwa mwanabiokemia kutoka nchi ya Denmark. Anajulikana hasa kwa kugundua vitamini K, ambayo bila hiyo damu ya binadamu na ya wanyama wengi haigandi ipasavyo. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ya mwaka 1943, akigawana na Mmarekani Edward Doisy.

Siku hizi vitamini hiyo inatajwa sana katika habari za mifupa. Vidonge vyake vinauzwa kwa watu wenye osteoporosisi, yaani hali ya mifupa kupoteza uzito wake na kuvunjika kirahisi, ambayo huwapata hasa wanawake waliokoma hedhi na wazee kwa jumla. Dam mwenyewe hakuitafuta kwa ajili ya mifupa, wala hakuitafuta kwa ajili ya damu. Alikuwa akichunguza kolesteroli katika miili ya vifaranga wa kuku.

Maisha ya awali na elimu

Dam alizaliwa mjini Copenhagen. Baba yake, Emil Dam, alikuwa mfamasia, na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma kemia katika Chuo cha Ufundi cha Copenhagen, akahitimu mwaka 1920. Mwaka uleule aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa kemia katika Chuo cha Kilimo na Tiba ya Mifugo. Mwaka 1923 alihamia maabara ya fiziolojia ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, na huko akaanza kufundisha biokemia, fani ambayo wakati ule ilikuwa bado changa. Alimwoa Inger Olsen mwaka 1924.

Kama wanasayansi wengi wa kizazi chake kutoka nchi ndogo, alikwenda kujifunza kwa mabingwa wa nje. Mwaka 1925 alikuwa Graz, Austria, kwa Fritz Pregl, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mbinu za kupima kemikali zilizo katika kiasi kidogo mno. Mbinu hizo zilimfaa Dam baadaye, kwa sababu vitu alivyokuja kuvitafuta hupatikana ndani ya chakula kwa viwango vidogo sana. Mwaka 1928 alikuwa profesa msaidizi katika taasisi ya biokemia ya chuo kikuu chake, na mwaka 1929 akapandishwa cheo.

Vifaranga waliotokwa damu

Mnamo mwaka 1928 na 1929 Dam alikuwa na swali moja. Ilijulikana kwamba panya wanaweza kujitengenezea kolesteroli mwilini, lakini ilidhaniwa kwamba kuku hawawezi, na kwamba lazima waipate katika chakula. Ili kulijaribu dai hilo aliwalisha vifaranga chakula cha kutengenezwa maabara, kilichotolewa mafuta yote pamoja na kolesteroli iliyomo. Vitamini A na D, zilizojulikana wakati ule, aliziongeza kando.

Jibu la swali lake alilipata: vifaranga nao wanatengeneza kolesteroli. Lakini kulitokea jambo ambalo hakulitarajia. Baada ya wiki mbili au tatu, baadhi ya vifaranga walianza kuvuja damu chini ya ngozi, katika misuli na katika viungo vingine. Damu yao ilipochukuliwa na kuachwa katika chombo, ilichelewa kuganda. Mtafiti mwingine angeweza kuwatupa vifaranga hao kama jaribio lililoharibika na kuendelea na kolesteroli yake. Dam aliandika alichokiona, akakichapisha mwaka 1929, kisha akaendelea kukifuatilia kwa miaka kadhaa.

Alianza kwa kuondoa sababu zisizohusika, moja baada ya nyingine. Aliwarudishia vifaranga kolesteroli, haikusaidia. Mafuta ya ini la samaki yenye vitamini A na D hayakusaidia. Kulikuwa na watu wengine walioiona hali hiyohiyo: watafiti wa Ontario, Kanada, waliiripoti mwaka 1931, na wale wa California, Marekani, mwaka 1933. Hawa wa mwisho waliona kwamba kabichi mbichi inawaponya vifaranga, wakahitimisha kwamba ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C ambao kwa binadamu huleta kuvuja damu kwenye fizi. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, ila ilikuwa na kasoro: kuku hujitengenezea vitamini C mwilini. Vitamini C safi ilipoanza kupatikana, Dam aliwadunga vifaranga wake, nao wakaendelea kutokwa damu.

Kilichosaidia kilikuwa chakula chenyewe. Mbegu za mbangi, ambazo Ulaya hulishwa ndege, ziliwakinga vifaranga. Majani mabichi ya mboga yaliwakinga zaidi, na hali kadhalika ini la nguruwe. Kitu hicho kiliyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo kilikuwa kimeondoka pamoja na mafuta pale chakula kilipotayarishwa maabara. Hakikuwa vitamini A, wala D, wala E.

Herufi K

Mwaka 1935 Dam alitangaza kwamba ni vitamini mpya, akaiita vitamini K. Kwa upande mmoja, K ilikuwa herufi ya kwanza ambayo bado hakuna mtu aliyekuwa ameitumia kwa vitamini fulani. Kwa upande wa pili, ni herufi ya kwanza ya neno linalomaanisha kuganda, jinsi linavyoandikwa kwa Kijerumani na kwa lugha za Skandinavia. Ndiyo maana orodha ya vitamini inaruka ghafla kutoka E hadi K. Herufi nyingine zilizotumika katikati yake zilifutwa baadaye au kuingizwa katika kundi la vitamini B.

Pamoja na mwenzake Fritz Schønheyder alitafuta njia ya kuipima. Walikadiria wingi wa vitamini katika chakula kwa kuangalia jinsi damu ya vifaranga wagonjwa inavyorudi kuganda baada ya kulishwa chakula hicho. Baadaye ilionekana kwamba kinachopungua katika damu yao ni protrombini, protini inayotengenezwa na ini na ambayo ni hatua ya lazima katika kuganda kwa damu.

Kuipata vitamini yenyewe ikiwa safi kulihitaji kemia ya hali ya juu. Dam alikuwa ameshafanya kazi kwa Rudolf Schoenheimer mjini Freiburg, Ujerumani, mwaka 1932 na 1933, na mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya kolesteroli na jamaa zake. Mwaka 1935 alikwenda Zürich, Uswisi, kwa Paul Karrer. Ushirikiano wao ulizaa matunda mwaka 1939, walipoitoa vitamini K katika majani ya alfalfa, yale yanayolishwa ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa mafuta mazito ya rangi ya manjano.

Mwaka huohuo Doisy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, walieleza muundo wake wa kikemia na kuitengeneza maabara. Waligundua pia kwamba kuna aina mbili. Ile ya majani mabichi iliitwa K1. Nyingine, waliyoipata katika unga wa samaki uliooza, iliitwa K2, nayo hutengenezwa na bakteria. Tofauti hiyo ilionekana ndogo wakati ule. Leo ni sehemu kubwa ya mabishano kuhusu vidonge vya mifupa.

Suala la Almquist

Historia ya vitamini K haikamiliki bila kumtaja Herman Almquist wa Chuo Kikuu cha California. Yeye na mwanafunzi wake Robert Stokstad waliufikia ukweli uleule kwa njia yao wenyewe: kwamba kuna kitu kinachoyeyuka katika mafuta, kisicho vitamini C, kinachozuia vifaranga wasitokwe damu. Andiko lao lilicheleweshwa na wakubwa wa chuo, kisha likakataliwa na jarida la Science. Hatimaye lilitoka katika jarida la Nature mwaka 1935, wiki chache tu baada ya andiko la Dam katika jarida hilohilo. Almquist hakupata sehemu yoyote ya Tuzo ya Nobel.

Wapo wanaoona kwamba alidhulumiwa. Kwa haki yote, Dam alikuwa ameuandika ugonjwa wenyewe miaka sita kabla, na jina la vitamini ni lake. Lakini wiki chache zilizowatenganisha mwaka 1935 zilitokana na urasimu kuliko sayansi, na mchango wa Almquist, pamoja na kutambua kwake kwamba bakteria wanaoozesha chakula huizalisha vitamini hii, ni wa kiwango cha juu.

Kutoka mabanda ya kuku hadi wodini

Faida kwa wagonjwa ilikuja upesi isivyo kawaida. Madaktari walikuwa wanajua tangu zamani kwamba mgonjwa mwenye manjano iliyosababishwa na kuziba kwa njia ya nyongo ni hatari kumpasua, kwani huweza kutokwa damu bila kukoma. Sababu yake sasa ilieleweka: vitamini K huingia mwilini pamoja na mafuta, na mafuta huhitaji nyongo ili yafyonzwe utumbo. Nyongo isipofika utumboni, vitamini nayo haiingii, hata mgonjwa akila mboga kiasi gani. Mwaka 1938 madaktari wa Marekani na Denmark, Dam akiwa miongoni mwa waliofanya majaribio hayo, walianza kuwapa wagonjwa hao vitamini K kabla ya upasuaji.

Kundi la pili lilikuwa watoto wachanga. Baadhi yao hutokwa damu katika siku za kwanza za maisha, kwenye kitovu, tumboni au, kwa hatari zaidi, ndani ya ubongo. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa tangu mwaka 1894. Dam na wenzake walionyesha mwaka 1939 kwamba chanzo chake ni upungufu wa vitamini K. Vitamini hii hupita kwa shida kutoka kwa mama kwenda kwa mimba kupitia kondo la nyuma, maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu, na utumbo wa mtoto aliyezaliwa karibuni bado hauna bakteria wa kutosha.

Dawa ya kwanza ya bei nafuu, menadioni, ilipotolewa kwa kiasi kikubwa ilivunja chembe nyekundu za damu za baadhi ya watoto, ikaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na K1. Sindano moja ya miligramu 1 kwa mtoto mchanga ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani hadi leo. Katika kazi zote za Dam, huenda hii ndiyo iliyookoa watu wengi zaidi.

Wakati uleule utafiti mwingine ulikuwa unaenda kinyume chake. Huko Wisconsin, Marekani, Karl Paul Link alichunguza ng'ombe waliokufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Alipata kitu kinachozuia kazi ya vitamini K. Kutokana nacho ilizaliwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 na baadaye kutumika kwa wagonjwa ambao damu yao huganda mahali pasipotakiwa.

Vita na Tuzo ya Nobel

Mwaka 1940 Dam alikwenda Kanada na Marekani kutoa mihadhara. Mwezi Aprili mwaka huo Ujerumani iliivamia Denmark, na Dam alibaki Marekani hadi vita vilipokwisha. Alifanya kazi Woods Hole mwaka 1941, kisha katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, kuanzia 1942 hadi 1945, na baada ya hapo katika Taasisi ya Rockefeller. Cha ajabu ni kwamba mwaka 1941, akiwa ng'ambo na nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani, aliteuliwa kuwa profesa wa biokemia katika Chuo cha Ufundi cha Copenhagen, kilekile alichosomea. Kiti chake kilimsubiri miaka mitano.

Tuzo ya mwaka 1943 haikutolewa mwaka huo kwa sababu ya vita. Ilitangazwa mwaka 1944. Nusu ilikuwa ya Dam kwa kugundua vitamini K, na nusu ya Doisy kwa kueleza kemia yake. Kwa kuwa safari ya Stockholm haikuwezekana, waliikabidhiwa New York mwezi Desemba 1944. Dam alirudi Denmark mwaka 1946, na Desemba mwaka huo akatoa mhadhara wake wa Nobel mjini Stockholm.

Kazi za baadaye

Aliporudi nyumbani hakuishi kwa sifa za vitamini K peke yake. Alichunguza vitamini E na jinsi upungufu wake, ukiungana na mafuta yanayoharibika kwa hewa, unavyodhuru wanyama. Alionyesha pia kwamba hamsta wakilishwa chakula cha namna fulani kisicho na mafuta hupata vijiwe vya nyongo vya kolesteroli, na kwamba kwa kubadilisha chakula vijiwe hivyo vinaweza kuzuiwa. Hivyo alirudi, kwa njia ya mzunguko, kwenye kolesteroli aliyoanza nayo. Cheo chake kilibadilishwa mwaka 1950 kuwa profesa wa biokemia na lishe, na kuanzia 1956 hadi 1963 aliongoza idara ya biokemia ya taasisi ya utafiti wa mafuta nchini Denmark. Alipenda kusafiri.

Vitamini K na mifupa

Kwa karibu miaka 40 baada ya 1935 hakuna aliyejua vitamini K hufanya nini hasa ndani ya mwili. Jibu lilipatikana mwaka 1974, Dam akiwa mzee wa miaka 79. Watafiti wa Skandinavia na Marekani walionyesha kwamba vitamini K husaidia kimeng'enya kimoja kubadilisha asidi amino fulani katika protrombini, ili protini hiyo iwe kama koleo la kushikia madini ya kalsi. Bila vitamini, protrombini hutengenezwa lakini haiwezi kushika kalsi, kwa hiyo haifanyi kazi.

Muda mfupi baadaye koleo hilohilo lilikutwa ndani ya mifupa, katika protini iliyokuja kuitwa osteokalsini. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: ikiwa protini ya mfupa nayo inahitaji vitamini K ili ishike kalsi, huenda mtu mwenye upungufu ana mifupa dhaifu, na huenda vidonge vikamsaidia. Dam alifariki mwezi Aprili 1976, utafiti huo ukiwa ndiyo kwanza unaanza.

Matokeo yake hadi sasa hayako sawa. Nchini Japani aina moja ya K2 iliidhinishwa mwaka 1995 kuwa dawa ya osteoporosisi, kwa miligramu 45 kwa siku, ambayo ni mara 500 ya kiwango cha mikrogramu 90 kinachoshauriwa Marekani kwa mwanamke mzima. Kwa kiasi hicho ni dawa, si nyongeza ya lishe. Nchini Kanada wanawake 440 waliokoma hedhi walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2008, wengine wakipewa miligramu 5 za K1 kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka miwili hadi minne uzito wa mifupa haukutofautiana. Waliovunjika mifupa walikuwa wachache zaidi katika kundi la vitamini, 9 kwa 20, lakini jaribio lilikuwa dogo mno kuthibitisha jambo hilo. Nchini Norwei K2 iliyotolewa kwa mwaka mmoja haikuleta tofauti. Nchini Uholanzi, katika jaribio la wanawake 244 lililochapishwa mwaka 2013, kiasi kidogo cha K2 kwa miaka mitatu kilipunguza kasi ya kupotea kwa mfupa wa uti wa mgongo na wa shingo ya paja, ingawa si katika nyonga yote. Mkusanyo wa tafiti uliowahi kutajwa sana kama ushahidi ulilazimika kuandikwa upya mwaka 2018, kwa sababu baadhi ya majaribio yaliyomo hayakuaminika.

Jambo jingine linalotatiza ni kwamba panya waliozalishwa bila osteokalsini hawakuwa na mifupa dhaifu, kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo hata kazi halisi ya protini hiyo bado inajadiliwa.

Mtu mzima anayekula mboga za majani hapungukiwi vitamini K kwa urahisi. Mchicha, kisamvu, majani ya maboga na sukuma wiki zote zina K1 kwa wingi, nayo hufyonzwa vizuri zaidi mboga ikipikwa kwa mafuta, nazi au karanga. K2 hupatikana kwa wingi katika natto, soya zilizochachushwa za Kijapani, na kwa kiasi katika jibini na viini vya mayai. Wagonjwa wanaotumia warfarini huonywa wasianze vidonge vya vitamini K, wala kubadilisha ghafla kiasi cha mboga wanachokula, bila kuzungumza na daktari, maana vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa yao na damu huweza kuganda ndani ya mishipa.